Bei ya Makali

Nani aliamua kwamba mtu anayeanza kukereza mbao anahitaji patasi nane? Nimeuliza Kariakoo, nimeuliza Gerezani, nimeuliza hata watu wasiohusika. Hakuna anayejua. Lakini nenda dukani useme umepata mashine ndogo ya kukereza na unatafuta vifaa vya kuanzia, uone. Muuzaji hakuulizi unataka kukereza nini. Anainama chini ya kaunta, anaibuka na sanduku la mbao lenye kitasa cha dhahabu ya uongo, analifungua taratibu kama mshenga anayetoa mahari, na humo ndani zimelala nane, zimepangwa kwa urefu, mipini imepigwa vanishi mpaka unajiona uso.

"Bosi, hii seti kamili. Ukichukua hii huhitaji kitu kingine tena."

Uongo mtupu. Sanduku zima halina hata moja inayokata. Chukua ile bobari (patasi ya mfereji) kubwa, pitisha kidole gumba kwa kukatiza makali (kukatiza, si kuyafuata, tunataka urudi nyumbani na vidole vyako). Utasikia mikwaruzo ya mashine ya kiwandani. Halafu igeuzie dirishani. Makali ya kweli hayaonekani, kwa sababu ni membamba mno hayana mahali pa kurudishia mwanga. Ukiona kamstari keupe kanang'aa pale nchani, ujue hapo hapakati. Sanduku langu liling'aa lote.

Nikamwambia yule kijana wa dukani hazina makali. Akanijibu kwa upole wa mtu ambaye tayari ameshahesabu hela: "Ah mzee wangu, hizo unanoa mwenyewe kidogo tu."

Kidogo tu. Naomba msomaji uyashike maneno hayo.

Ninaye mzee mmoja Keko, kule kwenye samani, ambako ukipita na suruali nyeusi unatoka na ya kahawia. Amekereza miguu ya meza na matendegu ya vitanda tangu mimi sijaota ndevu. Nilimpelekea sanduku. Akaamkiwa, akaitikia, akafungua, akatoa patasi tatu, akafunga.

"Hizi utafanyia kazi. Hizo nyingine mpelekee mama watoto azitundike sebuleni."

Tatu zenyewe ni hizi. Bobari pana, ile ya kuondolea kona, inayougeuza mti wa pembe nne kuwa mviringo. Bobari nyembamba, yenye ncha iliyochongwa mfano wa ukucha, ya kuchimbia mabonde na kutengenezea shanga. Na patasi ya kukatia, nyembamba ya kusimama wima, ya kuweka vipimo na kutenganisha kazi na kipande kilichobaki. Kwa mguu wa stuli, mpini wa jembe dogo, mti wa kusukumia chapati au mchi wa kinu cha vitunguu saumu, tatu hizi zinatosha. Ukitamani bakuli, utaongeza bobari ya bakuli yenye mfereji wa kina na chuma kinene, na patasi ya kukwangulia. Basi.

Na hapo kwenye bakuli nina lalamiko rasmi. Ile bobari pana ya kuondolea kona haifai bakuli, kabisa, na sababu si ushirikina. Sehemu yake inayoingia kwenye mpini ni mkia mwembamba tu. Kwenye mguu wa meza nyuzi za mti zimelala kufuata urefu wa mashine, chuma kinamenya taratibu, hakuna ugomvi. Kwenye bakuli nyuzi zimekatiza, hivyo kila mzunguko makali yanakutana na vichwa vya nyuzi mara mbili. Ikinasa pale, mkia unakatika, chuma kinaruka kutafuta pa kwenda, na aliye karibu zaidi ni wewe. Nililipekua sanduku langu, kifuniko, chini, pembeni, nikitafuta onyo hilo. Kulikuwa na mstari mmoja tu wa maandishi, unaonishauri nilihifadhi mahali pakavu.

Kuna pia patasi ya mshazari, ambayo kwenye masanduku haya huwekwa mbili, kubwa na ndogo, kwa wale wanaopenda kupata hasara kwa saizi. Huyu ni mfalme wa kerezo na ana kiburi cha kifalme. Mikononi mwa mzee wa Keko inaacha mti laini mpaka msasa unakosa kazi. Yeye hukatia sehemu ya chini ya makali tu, karibu na kona fupi, na ile kona ndefu ameinyanyua juu haigusi kitu. Ikigusa kabla ya wakati, inachimba, inakimbia na kuchora mfereji wa skrubu mguu mzima, na mashine inapiga kelele inayomtoa jirani ndani kuja kuuliza nani kaanguka. Mzee ananiambia siri ni moja: tanguliza kisigino. Laza mgongo wa patasi juu ya mti unaozunguka, usikate, iache isugue tu; halafu inua mpini polepole mpaka maranda yaanze kutoka. Ananiambia hivyo huku anaangalia pembeni, anaongea na mtu mwingine habari za mpira, na maranda yanatoka.

Vipimo sitavigusa sana maana nitapandisha presha. Waingereza huipima bobari ya bakuli kwa upana wa mfereji wake. Wamarekani hupima unene wa chuma chote. Kwa hiyo ya Mwingereza ya inchi 3/8 ndiyo ile ile ya Mmarekani ya nusu inchi. Kijana wa dukani yeye anapima kwa rula ya shule, upande wa sentimita, halafu anakutajia kwa inchi.

Twende kwenye chuma chenyewe. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, watu waliona chuma cha Wamarekani wawili, Frederick Taylor na Maunsel White, kikikata vyuma vingine huku ncha yake imeiva nyekundu na bado haijalegea. Hicho ndicho baba wa hiki tunachokiita hai-spidi. Faida yake kwetu ni moja kubwa: ukikichoma kwenye jiwe la grenda kikabadilika rangi, ugumu wake unabaki. Chuma cha kaboni hakina msamaha huo. Kikifika ile rangi ya bluu, karibu nyuzi 300, ncha imeshakuwa laini, na huna dawa ila kusaga mpaka upite sehemu iliyoungua. Ndiyo maana cha kaboni unakichovya majini kila baada ya sekunde chache, na hai-spidi iliyopata moto sana usiichovye ghafla, isije ikaweka nyufa ndogo usizoziona.

Sasa utajuaje ulichouziwa? Herufi za hai-spidi zimechapwa kwenye chuma, lakini herufi hata mimi naweza kuchapa. Mzee alizigusisha kwenye jiwe moja moja. Kaboni hutoa cheche nyingi, nyeupe, zinazopasukapasuka. Hai-spidi hutoa cheche chache, nyekundu, zinazojikokota, hazipasuki. Kwenye sanduku langu lenye herufi zile zile kote, ile patasi ndogo ya mshazari ilituwashia fataki za mwaka mpya. Mzee hakusema neno. Aliirudisha kwenye kundi la sebuleni.

Zake mwenyewe amechonga kutoka springi ya gari. Anakata lile jani la chuma, anafua, anachovya, analainisha kidogo lisiwe la kukatika, anavalisha mpini na pete ya bomba. Ni kaboni, zinahitaji maji na adabu, lakini ni ngumu kukatika kwa sababu springi imezaliwa kupinda na kurudi. Kuna vijana wanachonga patasi za kukwangulia kutoka tupa kuukuu, na hapo mzee hukunja uso. Tupa ni ngumu kupindukia, haipindi, inavunjika. Ikinasa kwenye mti unaokimbia inakatika vipande. "Hiyo itakutoa jino," ananiambia, na kwa kuwa yeye anayo machache, nilidhani ni vyema kumsikiliza.

Nimesema mti unaokimbia. Tufanye hesabu, maana ndiyo iliyonivunja moyo. Mti wa unene wa inchi tatu una mzunguko wa karibu sentimita 24. Uzungushe mara 1,500 kwa dakika, ambayo ni kasi ya kawaida tu kwa unene huo. Makali yako yanapitiwa na mita 360 za mbao kila dakika. Dakika tatu, imezidi kilomita. Nusu saa ya kufurahia kazi yako, patasi imetembea Posta hadi Mwenge ikisugua mti njia nzima, tena huenda ni mninga wenye vumbi la mchanga kwenye gome, au mkongo, au, Mungu akunusuru, mpingo, mti wa taifa, unaozama majini na kula makali kabla hujaanza kujisifu. Halafu mtu anakwambia noa kidogo tu.

Mafundi wa zamani wa Pwani walikuwa na nafuu hapa. Kerezo lao lilikuwa la uta: mkono mmoja unavuta, mti unazunguka mbele na kurudi nyuma, mkono wa pili na vidole vya mguu vinaiongoza patasi, inakata mti unapokuja na kupumzika unaporudi. Mota haina habari za kupumzika.

Kwa hiyo unahitaji grenda. Na hapa ndipo nilipoelewa kwamba patasi nane zilikuwa kiingilio tu, mchezo wenyewe unalipiwa ndani. Grenda inakuja na mawe mawili ya kijivu. Ya nini? Ya vyuma vya kawaida. Ni magumu, chembe zake zikichoka haziachii, jiwe linakuwa na kioo na badala ya kunoa linapika. La patasi ni jeupe, ambalo chembe zake zinameguka mapema na kuleta mpya. Linauzwa peke yake. Halafu jiwe lolote baada ya muda linaingia mabonde, kwa hiyo kuna kifaa chenye almasi cha kulinyoosha. Kinauzwa peke yake. Halafu kile kiegemeo kilichokuja na grenda ni kijibati kinachotikisika ukikohoa, kwa hiyo kuna kiegemeo cha maana. Kinauzwa, nadhani umeshajua. Ukijumlisha, unaweza kurudi dukani ukanunua sanduku lingine la patasi nane, ukalitupa baharini, na chenji ikabaki.

Nikamuuliza mzee kuhusu jigi, kile kishikio kinachoizungusha bobari kwenye jiwe kwa pembe ile ile kila mara, maana vijana wote wa kwenye video wanayo. Akashika bobari, akabana mpini kwenye ubavu, akayumba kiuno kushoto, akayumba kulia, ncha ikatoka na ukucha sawasawa pande zote.

"Jigi yangu ndiyo hii," akasema, akijipiga nyonga.

Mimi nyonga yangu haijasomea. Kwa hiyo natumia wino, na hili nalisema bila malipo ingawa lingefaa kuandikwa kwenye kila sanduku. Chukua maka peni, paka mteremko wote wa patasi, kuanzia kisigino hadi makali. Grenda ikiwa imezimwa, iweke patasi kwenye kiegemeo, iguse jiwe, lizungushe jiwe kwa mkono. Toa uangalie. Wino ukifutika kisiginoni tu, mpini uko chini mno. Ukifutika nchani tu, umeuinua kupita kiasi na unaanza kuchonga pembe mpya ambayo hukuombwa. Rekebisha, paka tena, zungusha tena, mpaka wino utoke mstari mmoja kuanzia chini hadi juu. Hapo ndipo unawasha, unagusisha kwa uzito wa patasi yenyewe tu, usikandamize, huna deni na jiwe. Cheche zitaanza kwa kupita chini ya makali. Zitakapoanza kuruka juu yake, umefika. Ondoa. Kila sekunde unayoongeza pale unasaga hela yako kuwa vumbi.

Kuhusu pembe, kila mtu ana yake na kila mmoja anaapa. Bobari pana ni nyuzi 45 au karibu na hapo. Bobari nyembamba, kati ya 30 na 40. Ya kukwangulia ni butu, 70 hadi 80, na ajabu yake ni kwamba kinachokata si pembe bali zile ndevu ndogo za chuma zinazosimama nchani ikitoka kwenye jiwe. Zikilala, unarudi tena. Huna kipimapembe? Kwa patasi bapa ya kunolewa upande mmoja, pima mteremko. Ukiwa mrefu mara mbili ya unene wa chuma, hizo ni nyuzi 30. Mzee hajui nyuzi. Anajua "mara mbili" na "mara moja na kidogo", na meza zake zinasimama.

Kisha ikaja adha ambayo hakuna kitabu kinachoitaja. Grenda ina sauti, na sauti inavuka ukuta. Kwanza alikuja jirani na kisu cha jikoni, kimoja tu, mzee naomba unisaidie. Nikamsaidia, tumelelewa. Kesho yake vikaja visu vya mtaa, panga, mundu, jembe la mtu ambaye sijawahi kumwona akilima, mkasi wa saluni, kisu cha muuza machungwa. Nikijaribu kueleza kwamba jiwe jeupe ni la patasi tu, naonekana mchoyo. Kuna kijana aliniletea mfuniko wa sufuria, wa aluminiamu, nimsawazishie ukingo. Hapo nilipaza sauti. Aluminiamu inaziba vinyweleo vya jiwe, inapata moto, jiwe linavimba mahali pamoja, na linaweza kupasuka likiwa kwenye mizunguko karibu 3,000 kwa dakika. Akaniambia, "Basi nipige kidogo tu upande wa ubavu." Ubavuni ni kosa la pili. Mawe haya yametengenezwa kubeba mgandamizo kwenye ukingo. Nilimtolea jiwe la akiba, nikalipachika kwenye kidole, nikaligonga kwa mpini wa bisibisi asikie: zima linalia, lenye ufa linajibu sauti iliyokufa, na lenye ufa haliwashwi hata na mganga. Alisikiliza kwa makini sana. Akaniuliza kama nauza.

Shemeji yangu, ambaye ana jibu la kila kitu, aliniambia haya yote ni ya kujitakia. "Nunua za kabaidi, shem. Zile hazinolewi. Kale kancha kamefungwa kwa skrubu. Kakichoka unakageuza upande, pande zikiisha unaweka kapya." Ni kweli, na kwa mtu anayekereza mara moja moja sina neno baya. Lakini zile kwa kawaida zinakwangua, hazimenyi. Kwenye mti mgumu uliokauka zinaacha sura nzuri. Kwenye mwembe, ambao ndio mti wa bure Dar es Salaam kila mtu akikata tawi lililolalia paa, zinanyofoa nyuzi na kuacha manyoya, na msasa utakaotumia hapo ni bei nyingine. Nikamuuliza shemeji pande zikiisha kancha kapya tunapata wapi. Akasema unaagiza. Shemeji hajawahi kuagiza kitu kikafika.

Mkaguzi wangu halisi wa makali ni mama mmoja nyumba ya tatu anayefuga kuku wa nyama. Yeye hajui hai-spidi wala kabaidi, anajua maranda. Patasi ikiwa kali, mti unatoka maranda marefu, laini, yanayojikunja. Hayo anajaza kwenye kiroba anatandika bandani, anashukuru. Patasi ikifa, mti unatoka vumbi, na vumbi linawakohoza vifaranga. Hahitaji kioo wala mwanga wa dirishani. Anachota kiganja kimoja kutoka chini ya mashine, anakiachia kidondoke, anaangalia kinavyoanguka.

Juzi alifanya hivyo, akapangusa mkono kwenye khanga.

"Baba, leo umenisagia unga. Mimi nina vifaranga wanaingia Jumamosi."

"Mama, nilikuwa namalizia tu huu mguu."

"Malizia, lakini mimi hii sibebi. Kanoe kwanza."

Nikazima mashine, nikachukua bobari yangu na maka peni, nikazunguka nyuma ya nyumba iliko grenda. Nikakuta watu watatu wamekaa kwenye matofali: muuza machungwa, kijana wa saluni, na mzee mmoja nisiyemfahamu ameshika shoka. Nikawasalimia, nikapita mbele kuelekea swichi. Kijana wa saluni akanishika mkono kwa heshima zote.

"Samahani mzee. Huyu babu ndiye alitangulia."